Mganga, Mufumu na Omushaho: Historia ya Tiba ya Jadi na Huduma za Afya za Kisasa katika Eneo la Juru, Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kukutana kwa tiba ya jadi na huduma za afya za kisasa katika eneo la Juru, mojawapo ya maeneo matatu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba mpaka unaodhaniwa kuwapo kati ya tiba hizo mbili haukuchorwa na wagonjwa. Ulichorwa na sheria za kikoloni, mahubiri ya wamisionari na sera za afya za mataifa manne, na ukahifadhiwa katika maneno ambayo wakimbizi walikuja nayo. Maneno kama *mganga*, *mufumu*, *omushaho* na *kuroga* yana asili za pamoja, lakini historia tofauti zimeyapa maana zinazopishana. Upishanaji huo una gharama: mhudumu wa afya huuliza swali moja na mgonjwa hujibu jingine. Makala yanapendekeza kwamba sera ya kuunganisha huduma za wakimbizi na za wenyeji izingatie lugha ya tiba kama sehemu ya tiba yenyewe.

1.0 Utangulizi

Swali "Umeenda kwa mganga?" linaonekana jepesi. Likiulizwa na muuguzi katika kituo cha afya cha Juru, linaweza kusikika kwa namna tatu. Mgonjwa aliyejifunza Kiswahili Kenya au pwani ataelewa kuwa anaulizwa kuhusu mganga wa kienyeji, na huenda akakana kwa aibu. Mgonjwa anayezungumza Kinyarwanda au Kirundi atasikia neno *umuganga*, ambalo katika lugha hizo ni daktari au mhudumu wa hospitali, naye atajibu kwamba ndiyo, yuko kwa mganga sasa hivi. Mkongomani kutoka Kivu atasikia *munganga*, ambaye kwake pia ni daktari. Mtaalamu wa jadi kwake ni *mufumu*. Kama swali lilikusudiwa kubaini iwapo mgonjwa amekunywa dawa ya mitishamba kabla ya kufika kituoni, ni mmoja tu kati ya hao watatu aliyelielewa, na huyo ndiye mwenye sababu ya kuficha.

Makala haya yanachukulia mkanganyiko huo kuwa ni tukio la kihistoria. Maana hizo tatu hazikutokea kwa bahati. Kila moja ni masalio ya namna dola, kanisa na hospitali zilivyoingia katika sehemu fulani ya Maziwa Makuu. Juru ni mahali panapofaa kuzichunguza kwa sababu historia hizo, zilizokuwa zimetenganishwa na mipaka ya nchi, zimekutanishwa hapo na ukimbizi. Sehemu ya pili inaeleza hali ya tiba katika kanda kabla na wakati wa ukoloni. Sehemu ya tatu inafuata historia ya makazi. Sehemu ya nne inachambua maneno yenyewe, na ya tano inatazama nafasi ya mji wa Mbarara na sheria za karibuni. Hitimisho linatoa mapendekezo.

2.0 Tiba katika Maziwa Makuu kabla ya makazi

2.1 Urithi wa pamoja

Wanahistoria wa lugha wamekwisha kuonyesha kwamba msamiati wa tiba ni miongoni mwa misamiati ya kale zaidi katika lugha za Kibantu. Mzizi *-ganga* unapatikana tangu Kikongo, ambako *nganga* ni mtaalamu wa tiba, hadi Kiswahili cha pwani. Schoenbrun (1998), akichunguza historia ya Maziwa Makuu kwa ushahidi wa lugha, anaonyesha jinsi uwezo wa kuponya na uwezo wa kutawala ulivyofungamana katika jamii za kanda hii kwa karne nyingi. Aliyeweza kulinda uzazi, mifugo na mvua aliweza pia kuamuru.

Ushahidi mwingine ni ibada ya kubandwa. Huko Ankole watu waliziheshimu *emandwa*. Rwanda ibada hiyo ilimzunguka Ryangombe, na Burundi ilimzunguka Kiranga. Majina yalitofautiana, lakini muundo ulikuwa mmoja: mgonjwa, au mwanamke aliyesumbuliwa na utasa, aliingizwa katika kundi la waliokwisha kuteswa na kupona, na kupona kwake kukawa jambo la jamaa nzima. Kwa hiyo Mnyarwanda aliyevuka mpaka kuingia Ankole mwishoni mwa miaka ya 1950 hakuingia katika ulimwengu mgeni wa tiba. Aliingia katika tawi jingine la ulimwengu uleule.

Tiba hiyo haikuwa ya mizimu peke yake. Mwaka 1879 tabibu Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, katika Bunyoro, mwanamke akifanyiwa upasuaji wa kutoa mtoto tumboni, na mwaka 1884 alichapisha maelezo yake katika jarida la tiba la Edinburgh. Mpasuaji alitumia pombe ya ndizi kumlevya mama na kusafisha jeraha, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akafunga jeraha kwa misumari na kulipaka dawa ya mizizi. Maelezo hayo yanaonyesha kuwapo kwa ustadi uliofundishwa na kurithishwa, ambao baadaye uliwekwa katika fungu moja na upigaji ramli, kana kwamba yote yalikuwa kitu kimoja.

2.2 Sheria, kanisa na hospitali

Utengano ulianza pale huduma za kisasa zilipoingia kwa mikono miwili, mmoja ukitibu na mwingine ukikataza. Albert Cook wa shirika la misioni la Kianglikana alifika Uganda mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria, na serikali ikaukabili kwa kuwahamisha watu kwa amri kutoka ufukweni. Upande wa Kongo, Lyons (1992) ameonyesha kuwa kampeni dhidi ya malale ziliwajia wanavijiji zikiwa na sura ya kijeshi: kukaguliwa shingo, kutengwa na kuzuiwa kusafiri. Kwa watu wengi wa kanda hii, hospitali ilifahamika kwanza kama mahali penye nguvu ya kuamuru, kabla ya kufahamika kama mahali pa kupona.

Nchini Uganda, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 ndiyo iliyoacha alama ya kudumu zaidi. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba sheria hiyo haikuharamisha dawa za asili. Katika tafsiri yake ya neno uchawi, iliondoa waziwazi ibada ya mizimu inayofanywa kwa nia njema, pamoja na utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji unaofanywa kwa nia njema. Hata hivyo, utekelezaji na mahubiri vilifuta tofauti hiyo. Kifungu kilichoruhusu aliyetiwa hatiani afukuzwe nyumbani kwake kilidumu hadi kilipobatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1997 katika shauri la Salvatori Abuki, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliuunga mkono mwaka 1999. Kwa miaka 40, mkunga wa jadi, mwunga mifupa na mpiga ramli waliishi chini ya kivuli kimoja.

Serikali huru nayo haikuwa na kauli moja. Mwaka 1964 Uganda ilianzisha, chini ya Wizara ya Afya, maabara ya utafiti wa dawa za asili. Mkono mmoja wa dola ukaendelea kumshuku mtaalamu wa jadi, na mkono mwingine ukawa unachunguza majani yake. Hali kama hiyo ilionekana Rwanda, ambako chuo kikuu kilikuwa na kituo cha Curphametra huko Butare kilichochunguza mimea ya tiba, huku kanisa likiendelea kumhubiri *umupfumu* kuwa adui wa imani. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililowataja watabibu wa jadi miongoni mwa wanaoweza kuchangia huduma ya afya ya msingi, lilikuta mashaka hayo yamekwisha kuota mizizi.

3.0 Juru na makazi ya Nakivale

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kandokando ya ziwa lenye jina hilo, katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ankole, kisha wilaya ya Mbarara, na sasa ni wilaya ya Isingiro. Yamegawanywa katika maeneo matatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Msimamizi wake ni Ofisi ya Waziri Mkuu, ikishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Kila familia hupewa kiwanja cha kujenga na, ardhi inapopatikana, shamba la kulima. Hilo lina maana kubwa kwa historia ya tiba, kwa kuwa mkimbizi mwenye shamba ana pia mahali pa kupanda dawa.

Wimbi la kwanza lilikuwa la Watutsi wa Rwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Mwaka 1982 serikali ya wakati huo iliwafukuza Wanyarwanda wengi kutoka mashamba na malisho yao Ankole; maelfu walisukumwa kuvuka mpaka, na wengine wakasukumwa kuingia ndani ya makazi. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari na ushindi wa Rwandan Patriotic Front, wengi wa wakimbizi wa zamani walirudi kwao, na nafasi zao zikachukuliwa na wakimbizi wapya, wengi wao Wahutu. Vita vya Kongo tangu mwaka 1996 viliwaleta watu wa Kivu kwa vipindi, na mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza mwaka 2015 ukawaleta Warundi. Wasomali, Waethiopia na wengine nao walipata hifadhi Nakivale. Leo makazi yana zaidi ya watu laki moja, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha wengi wao sokoni, kanisani na kituoni.

Kila wimbi lilileta wagonjwa pamoja na watabibu wake. Mtaalamu wa mitishamba aliyekimbia hakubeba vyeti, lakini alibeba majina ya mimea. Mwoto wa nyanda hizi ulimsaidia. Mmea unaoitwa *omubirizi* kwa Kinyankole huitwa *umubirizi* kwa Kinyarwanda na Kirundi, na watu wa Kivu wanaufahamu kwa jina hilohilo. Wanasayansi huuita *Vernonia amygdalina*. Majani yake machungu hutumiwa kutibu homa na maradhi ya tumbo katika kanda yote. Mkimbizi aliyefika Juru aliukuta mmea wake ukiota kandokando ya njia, na jirani Mnyankole akiuita karibu kwa jina lilelile. Ni vitu vichache vilivyovuka mpaka bila kupoteza jina.

Huduma za kisasa zilipitia historia yake. Kwa muda mrefu huduma za wakimbizi zilitolewa kwa mfumo wa misaada uliosimama kando ya mfumo wa serikali. Mwelekeo ulibadilika taratibu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliwapa wakimbizi haki ya huduma za msingi za jamii. Mpango wa sekta ya afya wa kuwahudumia wakimbizi kwa pamoja na wenyeji, wa mwaka 2019 hadi 2024, uliweka shabaha ya kituo kimoja kwa wote. Ada katika vituo vya serikali zilikuwa zimekwisha kufutwa mwaka 2001. Ndiyo sababu katika vituo vya makazi Mnyankole wa kijiji jirani na mkimbizi huketi benchi moja wakisubiri daktari yuleyule. Kesi zinazowashinda wahudumu wa vituo hupelekwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara.

Muungano huo ni mafanikio. Lakini kilichounganishwa ni majengo, dawa za duka na takwimu. Tiba ya jadi, ambayo wakimbizi na wenyeji walikuwa wameiunganisha wenyewe miongo mingi kabla, ilibaki nje ya mpango, na msamiati wake pia.

4.0 Maneno yaliyovuka mpaka

4.1 Mganga na ndugu zake

Katika Kiswahili cha kale kitenzi *kuganga* kilimaanisha kutibu, bila lawama yoyote. Methali "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" imehifadhi maana hiyo, kwa kuwa anayeitamka hafikirii ramli wala kafara. Tanzania imelibakiza neno katika pande zote mbili: Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari wa ngazi ya juu kabisa, na mganga wa jadi yuko kijijini. Nchini Kenya, *daktari* alichukua heshima yote, na *mganga* akaachiwa shaka.

Upande wa magharibi mambo yalikwenda kinyume. Katika Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili cha Kivu, *umuganga* au *munganga* alihamia hospitalini, na aliyebaki kijijini akaitwa *umupfumu* au *mufumu*, jina linalobeba uaguzi zaidi ya mitishamba. Kinyankole kina *omufumu* pia, lakini daktari wake ni *omushaho*. Kwa hiyo katika Juru, neno linaloonekana kuwa la wote ndilo linalowatenga zaidi. Hunt (1999), katika kitabu chake kuhusu uzazi na tiba ya kikoloni nchini Kongo, anaonyesha kwamba wauguzi, wakunga na walimu Waafrika ndio waliozifasiri istilahi za tiba kati ya dunia mbili, na kwamba tafsiri hizo zilijenga dunia ya tatu. Mkalimani wa kituo cha makazi ya wakimbizi ni mrithi wa kazi hiyo, ingawa mara nyingi haitambuliwi kuwa ni kazi ya kitaalamu.

4.2 Kuroga: uchawi au sumu?

Neno lenye hatari kubwa zaidi ni *kuroga*. Kwa Kiswahili na kwa Kinyankole, kurogwa ni kupatwa na uchawi. Kinyankole kina neno jingine, *obutwa*, kwa ajili ya sumu. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, mzizi uleule umebeba mambo yote mawili, na *uburozi* ni kwanza kabisa sumu: kitu kilichotiwa katika kinywaji au chakula. Watu wa Kivu nao huzungumzia *karuho*, sumu inayosemekana kuua polepole.

Mama anayesema mtoto wake "amerogwa" anaweza basi kuwa anatoa taarifa ya kitabibu: mtoto amekula kitu kibaya. Mhudumu aliyelelewa katika Kiswahili cha mashariki au katika Kinyankole atasikia imani ya uchawi, ataandika tumbo linauma, na hatauliza mtoto alikula nini, wapi na lini. Katika makazi ya wakulima, ambako dawa za kuua wadudu hutumika mashambani, swali hilo lililokosekana linaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo. Upo pia upande wa pili. Mtu mwenye kifua kikuu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa ini, akiamini kuwa amepewa *uburozi*, ataanza kwa mtaalamu wa dawa za kutapisha, na kila wiki inayopita inaupa ugonjwa nafasi. Mhudumu akidharau neno, anampoteza mgonjwa huyo mara ya pili.

4.3 Maradhi yenye majina na kisu

Si kila kilichorithiwa kinastahili kulindwa. Huko Ankole na kwingineko magharibi mwa Uganda, homa na kuhara kwa watoto wachanga huhusishwa na *ebiino*, yaani meno yasiyo ya kweli yanayodaiwa kuwa ndani ya ufizi. Dawa yake ni kuyang'oa kwa chombo chenye ncha. *Oburo*, neno ambalo ni jina la ulezi, hutumiwa kwa ugonjwa wa kifua wa mtoto, na kifua hicho huchanjwa ili punje zitoke. Rwanda na Burundi kuna desturi ya kukata *ikirimi*, yaani kilimi au kimeo cha kooni, mtoto anapokohoa au kukataa kunyonya. Madhara ya vitendo hivyo, kuanzia kuvuja damu hadi maambukizi, yanajulikana vyema. Hatari ya pili ni kuchelewa: mtoto aliyechanjwa kwa ajili ya *oburo* mara nyingi ana nimonia inayohitaji kiuavijasumu siku hiyohiyo.

Katika Juru desturi hizi tatu, za asili mbalimbali, zinaweza kukutana katika mtaa mmoja. Ujumbe wa afya unaozikemea zote kwa neno moja la "mila potofu" haumfikii yeyote, kwa maana hakuna mama anayesema ana mila potofu. Anasema mtoto ana *oburo*, au ana *ikirimi*. Ujumbe unaoanza na jina hilo, ukaeleza dalili zinazofanana na za nimonia na kuonyesha njia ya kituo, unazungumza na ugonjwa ambao mama anaujua.

4.4 Dawa za uzazi

Kamatenesi-Mugisha na Oryem-Origa (2007) waliorodhesha makumi ya mimea inayotumiwa magharibi mwa Uganda kuchochea uchungu wa uzazi. Utafiti wao ulihusu Bushenyi, si mbali na Mbarara. Baadhi ya mimea ya aina hiyo kweli husababisha mfuko wa uzazi kujikaza, na hapo ndipo faida na hatari yake zilipo, kwa kuwa kipimo hakijulikani. Mama aliyekunywa dawa hizo nyumbani, kisha akaongezewa dawa ya uchungu kituoni na mhudumu asiyejua, yuko katika hatari ya kupasuka mfuko wa uzazi. Ulinzi wake wa kwanza ni jibu la kweli kwa swali moja, na jibu la kweli hutegemea swali lilivyoulizwa. "Umeenda kwa mganga?" ni swali baya kwa mambo yote yaliyokwisha kuelezwa. "Umekunywa dawa gani tangu uchungu ulipoanza, za duka au za miti?" ni swali ambalo mama anaweza kulijibu bila kujishtaki.

5.0 Mbarara: mji wenye milango miwili

Mbarara una nafasi ya pekee katika historia hii. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichofunguliwa mwaka 1989, hutumia Hospitali ya Rufaa kufundishia madaktari. Chuo hichohicho kina kituo cha umahiri cha PHARMBIOTRAC, kinachofundisha na kutafiti tiba ya jadi, ambacho kilipata ufadhili wa Benki ya Dunia. Mwaka 2021, wakati wa janga la Korona, Profesa Patrick Ogwang wa chuo hicho alitengeneza dawa ya mitishamba iliyoitwa Covidex. Mwezi Juni mwaka huo Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliiruhusu itumike kama dawa ya kusaidia katika kutibu maambukizi ya virusi, ikasisitiza kuwa si dawa ya kuponya Korona. Mitishamba ikiwa na profesa, maabara na chupa, dola iliweza kuijadili kwa wiki chache. Ile iliyoko Juru haina mlango wa kuingilia mjadala huo.

Mwaka uliofuata ulionyesha sura nyingine. Mlipuko wa Ebola wa Septemba 2022, uliojitokeza Mubende na Kassanda, ulimfanya Rais Museveni mwezi Oktoba kuwaamuru watabibu wa jadi wasipokee wagonjwa. Amri ilikuwa na sababu, kwani mgonjwa wa Ebola anayeguswa bila kinga huambukiza. Lakini amri ya kuacha huwafikia kwanza wale ambao tayari wanajulikana na kusajiliwa. Asiyejulikana huendelea kwa siri. Nchi iliyotaka kuwazuia watabibu wake wakati wa hatari ilihitaji kuwa imewafahamu wakati wa amani.

Uganda ilikwisha kujifunza somo hilo. Mwaka 1992, ukimwi ulipokuwa ukiua bila tiba, mradi wa THETA uliwakutanisha watabibu wa jadi na wahudumu wa hospitali ili wafunzwe kinga, ushauri na rufaa. Mradi haukuwataka watabibu waache kazi. Uliwataka waijue mipaka yake, na ukawataka madaktari wajue kilichoko ng'ambo ya mipaka yao. Sheria ya Tiba ya Jadi na Tiba Mbadala ya mwaka 2019 inafuata njia hiyo kwa kuweka baraza na utaratibu wa usajili. Swali ambalo Juru inaliuliza sheria hiyo ni la kivitendo: mtaalamu aliyejifunza kwa bibi yake huko Masisi au Kirundo, asiye na kijiji cha Uganda kinachoweza kumshuhudia, atatambuliwa kwa ushahidi wa nani?

Mfano kutoka Tanzania unaonyesha faida ya kumpa mtu kama huyo nafasi. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman akiwa na Mohamedi Seifu Kalunde, mhifadhi na mjuzi wa mitishamba wa Kitongwe, waliona sokwe mgonjwa akitafuna shina la mmea uleule unaoitwa mubirizi huku Maziwa Makuu. Sayansi ya mimea ambayo wanyama hujitibu nayo ilipiga hatua kubwa kutokana na siku hiyo, kwa sababu mmoja wa waliokuwapo aliutambua mmea kuwa ni dawa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Janzen (1978), akiandika kuhusu Kongo ya Chini, alionyesha kuwa mgonjwa hachagui tiba peke yake: jamaa huketi, hupima dalili, na kumpeleka hospitali, kwa mganga au kote kuwili. Historia ya Juru inathibitisha hilo. Wagonjwa hawakuwahi kuzitenga tiba hizi. Waliozitenga ni watunga sheria, wahubiri na wapangaji, na utengano wao umebaki katika maneno ambayo vituo vya afya bado vinayatumia bila kuyachunguza.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, fomu na mafunzo ya wahudumu katika makazi viache swali la *mganga* na kutumia swali la *dawa*, neno ambalo halimshtaki mtu. Pili, iandaliwe faharasa fupi ya Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kinyankole yenye majina ya maradhi na dalili jinsi yanavyotumika makazini, ikianza na yale yanayoweza kuua: *kuroga* na *uburozi*, *oburo*, *ikirimi*. Vyuo vikuu vya Mbarara na vyama vya Kiswahili vya kanda vina uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Tatu, wahudumu wa afya wa vijiji na wakalimani watambuliwe kuwa ni wataalamu wa lugha ya tiba, na wapewe mafunzo yanayolingana na dhima yao. Nne, utaratibu wa usajili chini ya sheria ya 2019 uweke njia ya kuwatambua watabibu wakimbizi, kwa ushahidi wa wazee wa jamii zao na wa vituo vinavyopokea wagonjwa wao wa rufaa, na njia hiyo iende pamoja na makubaliano ya kuacha kisu kwa watoto.

Kiswahili kilitambuliwa na marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mara nyingi hatua hizo hujadiliwa kwa hoja za biashara na utangamano. Katika benchi la kituo cha afya cha Juru, lugha hiyo inapimwa kwa kipimo kidogo zaidi na kigumu zaidi: kama mama aliyemshika mtoto mwenye homa ataulizwa swali analoweza kulijibu kwa ukweli, na kama anayeuliza ataelewa alichojibiwa.